Je, Wajua? Wimbo Wavuma, Mwimbaji Hana Kitu

Je, wajua kwamba wimbo unaweza kupigwa katika kila matatu kutoka Kahawa Sukari hadi Thika, na mwenyewe asipate hata shilingi?

• "Jambo Bwana" ya bendi ya Them Mushrooms, iliyotoka mwaka 1982, iliuza nakala zaidi ya 200,000.

• Kunakili santuri kulihitaji kiwanda. Kunakili kaseti kulihitaji tu redio ya kaseti mbili na umeme. Nakala za wizi zilipofurika, kampuni za kurekodi muziki zilikosa fedha za studio na bendi kamili.

• Nakala ikitolewa kwenye nakala nyingine, mvumo huongezeka na sauti za juu hufifia. Mnunuzi alipata bei nafuu, lakini gitaa lilisikika kama limefunikwa blanketi.

• Mwimbaji John De'Mathew alifariki katika ajali karibu na Thika, Agosti 2019, akitoka kwenye harambee ya kumchangia mwanamuziki mwenzake.

• Tangu 2022, sheria ya Kenya inampa msanii asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya nyimbo zinazotumiwa kama miito ya simu; kampuni ya simu hupata 39.5.