Vidonge vya antioksidanti si mbadala wa matunda

KATIKA maduka mengi ya dawa mijini, vidonge vya antioksidanti huuzwa kwa ahadi ya kuchelewesha uzee na kuzuia magonjwa. Hata hivyo, utafiti umebainisha kuwa vidonge hivyo haviwezi kuchukua nafasi ya matunda, na kwa baadhi ya watu vinaweza kuleta madhara.

Mwili unapotumia oksijeni kupata nguvu, huzalisha pia chembe zisizo na utulivu ziitwazo radikali huru. Moshi wa sigara na mionzi mikali ya jua huziongeza. Zikizidi, huharibu seli na vinasaba. Antioksidanti ni kemikali zinazozituliza chembe hizo kabla hazijaleta uharibifu.

Mimea hutengeneza kemikali hizo kwa wingi, na nyingine hutambulika kwa rangi. Umanjano wa embe na papai hutokana na beta-karotini na jamii yake. Wekundu wa tikiti maji na wa pera lenye nyama nyekundu hutokana na laikopeni. Nayo anthosianini hutia rangi zabibu nyeusi na zambarau. Vitamini C haina rangi, lakini gramu 100 za pera huwa na takriban miligramu 200, ilhali chungwa la uzito huo huwa na takriban 50.

Kwa kuwa walaji wa matunda na mboga walionekana kupata saratani ya mapafu kwa kiwango cha chini, watafiti nchini Finland waliwapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994, baada ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 29,000, yalikuwa kinyume cha matarajio: waliomeza vidonge hivyo walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiovimeza. Utafiti wa aina hiyo nchini Marekani ulisitishwa mwaka 1996 kabla ya muda wake, baada ya kuonekana dalili kama hizo.

Kidonge hubeba kemikali moja au chache kwa kiasi kikubwa. Tunda hubeba nyingi kwa kiasi kidogo, pamoja na nyuzinyuzi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Kwa mvutaji sigara, pera la sokoni ni bora kuliko kidonge cha beta-karotini, na kuacha sigara ni bora kuliko vyote viwili.