KONOKONO WA BAHARI NA SUKARI MU DAMU

Mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mulikwisha kuona mpande? Ni kile kipande cheupe cha mviringo ambacho wakubwa wa Katanga walivaa zamani. Kilikatwa katika ganda la konokono wa bahari, kikaletwa huku na wachuuzi toka bahari ya Hindi. Ganda lenyewe halina ubaya. Yule anayekaa ndani ndiye mukali.

Kuko namna moja ya konokono hao, Conus geographus, yenye kula samaki, na watu wamekwisha kufa juu ya kuchomwa naye. Lakini konokono hana mbio. Namna gani anakamata samaki?

Anapanua mudomo kama wavu na kumwaga sumu mu maji. Mu mwaka wa 2015 wenye elimu walitangaza kitu walichokuta ndani ya sumu hiyo: insulini, nayo inafanana na ya samaki kuliko ya konokono! Jua kwamba mwili una milango midogo sana, na kila mulango unangoja ufunguo wake. Insulini ikifungua mulango wake, sukari inatoka mu damu. Samaki anaishiwa sukari, ubongo unakosa chakula, anabaki pale pale kama mulevi.

Kwa kawaida mwili unajitetea. Sukari ikishuka, pankreasi, kiungo kile nyuma ya tumbo, inatuma mujumbe anayeitwa glukagoni, kuambia maini yatoe akiba. Mwizi huyu amefunga hata njia hiyo. Mu 2024 ilijulikana kwamba sumu yake ina ufunguo wa pili, konsomatini. Huo unaiga somatostatini, mujumbe wa mwili wenyewe anayefanya kazi mu ubongo na mu pankreasi. Sisi watu tuna milango mitano ya somatostatini. Ufunguo wa konokono unachagua mumoja, ule unaozuia glukagoni. Basi musaada hautoke tena.

Sasa ujitazame wewe. Kama unajichoma insulini juu ya ugonjwa wa sukari, kisha unaenda kazini bila kula, unaweza kuanguka sawa samaki yule. Kwanza jasho baridi, mikono inatetemeka, njaa kali. Halafu maneno yanachanganyika, na kapita anazani umelewa.

Kapita, usimufukuze mbele ya kumuuliza kama anatumia insulini. Kama anaweza kumeza, mumupe maji ya sukari ao chai tamu sana mara moja, kisha chakula. Musimuache peke yake, wala asirudi kwenye mashini siku hiyo. Kama amezimia, musimutie kitu mu kinywa: mumulaze kwa ubavu na kuita muganga mbio.

Na wewe mama, funga vipande vya sukari mu karatasi, uvitie mu mufuko wa koti lake la kazi. Asubuhi usimuache atoke mulangoni na tumbo tupu, hata kama kamyo ya kazi inapiga honi.