Jino la Ziada na "Jino la Plastiki"

Mtu mzima huwa na meno 32, na mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Linalozidi hesabu hiyo ndilo jino la ziada. Mara nyingi huwa dogo, lenye ncha, nalo huota baina ya meno mawili ya mbele ya juu. Tabibu hulipiga picha ya eksirei. Likizuia jino jingine kuota, au kulisukuma kando, huling'oa. Lisipodhuru, huliacha na kuliangalia.

Lakini tatizo ni la lugha pia. Katika miaka ya 1980 yalienea Tanzania maneno "meno ya plastiki", au "ya nailoni", kwa uvimbe mweupe wa ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha. Mzazi wa Kiloleli, mkoani Simiyu, akisikia kwa mganga kwamba mwanawe ana jino lisilo lake, na kwa tabibu akasikia "jino la ziada", atayatofautishaje? Hilo la plastiki si ziada hata kidogo: ni jino changa la chonge, ambalo wakati wake wa kuota haujafika. Likichokolewa kwa chuma, mtoto aweza kuvuja damu sana, kupata pepopunda, na hata kuharibikiwa chonge la ukubwani. Kamusi na ziyatenge maneno haya mawili, na la pili lielezwe kuwa ni la imani, si la utabibu.