Mbwa, Pilipili na Ushahidi

Jua linapokuchwa Mukendo, mjini Musoma, mbwa waliofungwa mchana kutwa hufunguliwa ili walinde nyumba. Miongoni mwa wafugaji ipo imani, nayo si ya Musoma peke yake, kwamba mbwa akilishwa pilipili huwa mkali. Mwenye imani hiyo hakosi shahidi: mbwa wake alilishwa, na sasa hapana mpita njia asiyebwekewa. Je, ushahidi huo unatosha?

Hautoshi, wala sababu si kwamba nadharia hiyo haimo vitabuni. Mfugaji anayempa mbwa pilipili aghalabu ndiye huyo huyo amfungaye mnyororo, amzuiaye kuzoeana na wageni na amsifuye kila anapobweka. Mambo manne yametendeka pamoja. Kwa nini sifa yote ipewe pilipili? Kinachojulikana ni kwamba kemikali iitwayo kapsaisini, iliyomo katika pilipili, huamsha neva za maumivu. Mnyama mwenye maumivu aweza kweli kuuma, lakini atamwuma mtoto wa nyumbani sawasawa na mwizi.

Wanafunzi waweza kulipima dai hili bila kumlisha mbwa yeyote pilipili. Mmoja aorodheshe nyumba zenye mbwa, akitenga zile wanazolishwa pilipili na zile wasizolishwa, na asimwonyeshe mtu orodha yake. Mwingine apite barabarani, nje ya ua, akiandika ni mbwa gani aliyebweka na kwa muda gani. Orodha mbili zilinganishwe baadaye tu. Lililo kubwa hapa ni kwamba mwenye kuandika hajui jibu linalotarajiwa.

Umuhimu wa sharti hilo ulidhihirika Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Farasi mmoja aliyeitwa Hans alisifika kwa kujua hesabu: aliulizwa jumla, akagonga ukwato mara zinazostahili. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, hakuwa mlaghai. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst, aliyetoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1907, aligundua kwamba muulizaji asipojua jibu, farasi naye halijui. Hans alikuwa akisoma mwendo mdogo wa kichwa cha muulizaji, ambao muulizaji hakujua kwamba anaufanya.

Mbwa humsoma binadamu vilevile. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la mbwa 18 wa kunusa, kila mmoja na mwongozaji wake. Waongozaji waliambiwa kwamba penye karatasi nyekundu pamefichwa kitu. Hapakuwa na kitu mahali popote. Hata hivyo, katika misako 144, ni 21 tu iliyokwisha bila mwongozaji kutangaza kwamba mbwa amegundua kitu. Basi mwalimu wa mbwa anapoonyesha maajabu, swali la kwanza na liwe hili: je, yeye mwenyewe alijua jibu?

Ugeni wa wazo, peke yake, hausemi lolote. Panya wa shirika la APOPO, huko Morogoro, hunusa makohozi na kuashiria yenye vimelea vya kifua kikuu. Jambo ambalo wengi wangalilicheka. Lakini neno la panya halipokewi hivi hivi: sampuli aliyoiashiria, ambayo kituo cha afya hakikuona vimelea ndani yake, huchunguzwa tena maabara kabla ya mgonjwa kuarifiwa. Kwa upande wa pili, nadharia iliyozoeleka yaweza kuanguka. Fundisho la kwamba mbwa hana budi kutawaliwa kwa nguvu lilijengwa juu ya mbwa-mwitu wa Ulaya na Marekani waliofungiwa pamoja. Mtaalamu David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kililieneza wazo hilo, alilisahihisha mwaka 1999: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao.

Kosa la kufasiri tabia ya mbwa laweza kuua. Katika wilaya ya Serengeti, mkoani humo humo Mara, watafiti wamefuatilia tangu mwaka 2002 jinsi kichaa cha mbwa kinavyoenea kutoka mbwa hadi mbwa na hadi kwa watu. Mojawapo ya dalili zake ni mbwa mpole kugeuka mkali ghafla. Mfugaji anayedhani kwamba pilipili imeanza kufanya kazi hatamwahisha hospitali mtoto aliyeumwa, na dalili zikisha kumtokea binadamu, karibu hapana aponaye. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe kuchanjwa siku hiyo hiyo.