Goma: Jiwe la volkano linajenga nyumba, lakini ukuta mubaya unaua

Mjini Goma, jiwe halitafutwi mbali. Mutu akichimba fondasyo katika parseli yake, anakuta mawe meusi chini ya miguu. Ni lava ya Nyiragongo. Ile iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya Ziwa Kivu, ikafunika makartiye na sehemu ya uwanja wa ndege. Ilipopoa, wakaaji walishika nyundo wakaanza kuivunja. Leo mawe hayo yako katika fondasyo, kuta za nyumba na nyuta za parseli.

Lakini mawe haya hayafanani. Pale juu, gesi ilitoka wakati lava ikiganda, ikaacha matundu mengi. Jiwe lake ni jepesi. Chini zaidi, lava ilipoa polepole. Jiwe lake ni zito na gumu, linafaa fondasyo. Lile la matundu linashika simenti muzuri, lakini linakunywa maji. Lisipolowanishwa kwanza, linanyonya maji ya simenti, na simenti inakauka mbele ya kushika.

Shida kubwa si jiwe, ni ardhi yenyewe. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko liliua watu Bukavu na ngambo ya Rwanda. Kisha mulipuko wa tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma ilitetemeka siku nyingi, nyumba zikapasuka.

Nyumba ya mbao ni nyepesi: ardhi ikitikisika, inayumba tu. Ukuta wa mawe ni muzito na hauyumbi, unafunguka. Mara nyingi masoni anapanga mawe safu mbili, ya nje na ya ndani, kisha anajaza vipande na udongo katikati. Tetemeko likipiga, safu hizo zinaachana, na mawe yanaangukia wenye kulala ndani.

Dawa yake inajulikana. Kwanza, kuweka mawe marefu yanayopita kutoka upande mumoja wa ukuta mpaka mwingine, karibu kila sentimita 60 kwenda juu na kila mita moja hivi kwa urefu. Pili, kufunga nyumba yote na shenaji, ule mukanda wa beto wenye vyuma ndani, juu ya fondasyo na juu ya milango na madirisha. Tatu, kutopandisha ghorofa juu ya kuta za mawe matupu.

Kwa sababu jiwe linapatikana karibu, wengi wanabania simenti na vyuma. Na ukuta ukisha kupakwa, hakuna anayeweza kuona kilicho ndani. Mwenye nyumba afike kwenye kazi mapema, wakati mawe yangali wazi, na amuombe masoni amuonyeshe yale marefu yako wapi.