Kadi Mbili za Picha: Ipi Inunuliwe?

Katika somo lililopita tulifungua kompyuta ya mezani, tukajifunza majina ya viungo vyake. Leo tutashika kiungo kimoja tu, nacho ni kadi ya picha. Tutalinganisha kadi mbili, moja ya zamani na moja mpya zaidi, ili mtu mwenye fedha yake mkononi ajue namna ya kuchagua. Kila mmoja awe na kalamu na daftari, maana leo kuna hesabu.

Kwanza tuulize: kadi ya picha ni nini? Ni kibao chenye mashine ndogo sana za kuhesabu, nacho hupachikwa ndani ya kompyuta. Picha mnayoiona kwenye kioo cha kompyuta imefanywa kwa nukta za rangi. Kioo cha kawaida kina nukta zaidi ya milioni mbili. Hapana budi kila nukta ihesabiwe rangi yake, tena mara nyingi katika sekunde moja. Ubongo wa kompyuta ni kama wakulima wachache hodari. Kadi ya picha ni kama kijiji kizima kilichotoka na majembe. Kila mtu analima kipande kidogo, na shamba linakwisha upesi.

Sasa niwaambieni kosa langu mwenyewe, ili ninyi msilirudie. Miaka michache iliyopita nilitaka kutengeneza picha za kufundishia. Muuzaji mmoja akanionyesha kadi kubwa iliyokwisha kutumika, akasema, “Bwana, hii ndiyo yenye nguvu.” Nikatoa akiba yangu, nikaichukua. Nyumbani kazi ndogo zilikwenda vizuri. Lakini kila nilipoanza kazi nzito, kompyuta ilizimika ghafula. Nilipoteza kazi ya siku mbili ambayo sikuwa nimeihifadhi. Kadi ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa sikuuliza inakula umeme kiasi gani.

Kadi ile ilikuwa GeForce GTX 1080 Ti, iliyotolewa na kampuni ya NVIDIA ya Marekani mwaka 2017. Ilitengenezwa hasa kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Kadi ya pili ni RTX A2000 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 2021. Hii ilikusudiwa kompyuta za kazi, yaani za wachoraji wa ramani za nyumba, wahandisi na watengenezaji wa filamu. Mwalimu, tafadhali andika majina haya mawili ubaoni, na chini yake tuandike hesabu.

Mashine ndogo za kuhesabu: kadi ya zamani ina 3,584, kadi mpya ina 3,328. Kumbukumbu: ya zamani ina gigabaiti 11. Mpya hupatikana kwa namna mbili, ya gigabaiti 6 na ya gigabaiti 12. Mwendo wa kumbukumbu: ya zamani hupitisha gigabaiti 484 kwa sekunde, mpya 288. Umeme: ya zamani hula wati 250 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, mpya hula wati 70 tu. Bei zilipotoka: ya zamani dola 699 za Marekani, mpya yenye gigabaiti 6 dola 449.

Mtu akitazama mistari mitatu ya kwanza atasema, “Basi, ya zamani imeshinda.” Na kweli, kwa michezo mingi ya kawaida kadi ya zamani bado ni ya haraka zaidi. Lakini tusihukumu upesi. Tutazame mambo manne.

Jambo la kwanza ni umeme. Tundu la kompyuta ambamo kadi hupachikwa hutoa wati 75, si zaidi. Kadi mpya inatosheka na hizo. Kadi ya zamani hapana budi iongezewe waya mbili kutoka katika kisanduku cha kugawa umeme, na kampuni yenyewe ilishauri kisanduku hicho kiwe cha wati 600. Changu kilikuwa cha wati 300. Sasa mmeelewa kwa nini kompyuta yangu ilizimika.

Haya, tupige hesabu. Tuseme kadi inafanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Ya zamani: 250 mara 8 ni 2,000, yaani yuniti 2 kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 50. Mpya: 70 mara 8 ni 560, yaani yuniti 0.56 kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 14. Tofauti ni yuniti 36 kila mwezi. Zidisheni kwa bei ya yuniti mahali penu, mtaona fedha inayotoka mfukoni bila kelele.

Jambo la pili ni usahihi. Mara chache, tarakimu moja katika kumbukumbu huweza kugeuka yenyewe. Katika mchezo, nukta moja itakuwa na rangi mbaya kwa kitambo, na hakuna atakayejali. Lakini mhandisi anayepima uzito wa paa hapendi tarakimu igeuke. Kumbukumbu ya kadi mpya ina njia ya kujisahihisha, kama karani anayehakiki daftari lake kabla ya kulifunga. Ya zamani haina.

Jambo la tatu ni ufundi mpya. Kadi ya mwaka 2021 ina sehemu maalumu za kufuata njia ya mwanga, jinsi unavyogonga ukuta na kurudi. Mchoraji wa nyumba akitaka kumwonyesha mteja jua la asubuhi likiingia dirishani, sehemu hizo humsaidia sana. Kadi ya mwaka 2017 haina sehemu hizo.

Jambo la nne ni matunzo. Kadi haiwezi kufanya kazi bila programu ya kuiendesha. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba kadi za jamii ya GTX 1080 Ti hazitapata tena maboresho ya kawaida baada ya Oktoba mwaka huo, ila marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028.

Je, kadi ya zamani ni mbaya? Hasha. Ikipatikana kwa bei ndogo, na kompyuta yako ina kisanduku chenye nguvu na nafasi ya kutosha, itawafaa vijana wanaocheza na wanaojifunza. Lakini ichunguze kwanza. Ijaribiwe mbele yako kwa kazi nzito, maana baadhi ya kadi hizo zilitumikishwa usiku na mchana kuchimba sarafu za kompyuta. Kwa mtu anayeishi kwa kuchora, mwenye kompyuta ndogo na umeme wa kuhesabu, ile mpya yafaa zaidi.

Ndugu zangu, mwenye kununua aulize maswali matatu: Nina kazi gani? Kompyuta yangu inaweza kubeba nini? Nitalipa nini kila mwezi baada ya kununua? Maswali haya yafaa hata kwa pampu ya maji au cherehani.

Sasa zungumzeni katika vikundi:

1. Kwa nini kompyuta ya mwalimu ilizimika?
2. Kadi ya zamani itakula yuniti ngapi kwa mwezi ikifanya kazi saa 4 kwa siku, siku 25?
3. Fundi cherehani anataka kompyuta ya kuandikia hesabu za duka tu. Je, anahitaji kadi yoyote kati ya hizi mbili? Toeni sababu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.