Usiku wa Karagita Huanza Saa Ngapi?

Kabla jua halijachomoza, kando ya barabara ya Moi South Lake mtaani Karagita, Naivasha, wafanyakazi wa mashamba ya maua huwa tayari wanasubiri mabasi ya kampuni. Mama aliyeamka saa kumi ili apike chai na kuwaandaa watoto alipaswa kulala mapema. Atalala vipi? Vyumba vya ploti za Karagita vimepangana mlango kwa mlango, ukuta mmoja kwa familia mbili, na mabati hayazuii sauti. Mbele kuna baa, nyuma kuna kanisa lenye spika mbili, na Ijumaa kuna kesha.

Sheria iko upande wake. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinasema usiku huanza saa mbili na dakika moja na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Muda huo, kelele katika makazi hazipaswi kuzidi desibeli 35. Mtaa ambamo nyumba zimechanganyika na baa, kama Karagita, huruhusiwa 55 mchana, lakini usiku ni 35 vilevile. Sehemu za ibada zimewekewa 40 mchana na 35 usiku. Mazungumzo ya kawaida tu hukaribia 60! Mwaka huohuo wa 2009, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 40 kwa usiku wa Ulaya.

Ukivuka mpaka, mambo ni tofauti. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 zilianza kuhesabu usiku saa nne, na mtaa mchanganyiko uliruhusiwa desibeli 45. Tofauti ya desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi. Kwa anayeamka saa kumi alfajiri, saa mbili ya Kenya ndiyo inayomfaa.

Lakini kuna sheria nyingine, nayo ina mizizi Naivasha. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, maarufu kama sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa hapa, iliruhusu baa kuuza hadi saa tano usiku. Kati ya saa mbili na saa tano, basi, baa iko wazi kihalali, ila muziki wake hauruhusiwi kuzidi desibeli 35. Ugomvi mwingi wa majirani huzaliwa katika saa hizo tatu.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Mwishoni mwa 2022, Gavana Johnson Sakaja wa Nairobi aliagiza leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi zifutwe. Kaunti ya Nakuru, ilimo Karagita, ina mamlaka hayohayo. Mpangaji wa chumba kimoja hana wakili wala chama cha wakazi chenye sauti. Akilalamika, huenda akaambiwa ahame. Ndiyo maana ulinzi unapaswa kuanzia kwake.

Na hauhitaji sheria mpya. Kabla ya leseni ya baa kutiwa sahihi, afisa wa kaunti aje Karagita saa tatu usiku na kipima-sauti, asimame kwenye mlango wa chumba kilicho karibu zaidi, asome namba. Siku ya kesha, aje tena.